Parokia si jengo, wala si mali ya padre

Wengi wetu tunasema "parokia" tukimaanisha jengo lenye mnara na padre anayekaa pembeni yake. Sivyo. Mkusanyo wa Sheria za Kanisa Katoliki wa mwaka 1983, kanuni ya 515, unasema parokia ni jumuiya ya waamini, iliyoundwa kudumu, na uchungaji wake umekabidhiwa paroko, yaani padre anayeiongoza. Neno ni hilo: amekabidhiwa. Watu ndio parokia. Hata fedha, paroko hasimamii peke yake. Kanuni ya 537 inadai kila parokia iwe na baraza la kumsaidia katika masuala ya uchumi.

Ukishaelewa hivyo, utaona kwa nini waamini hulilia vitu ambavyo mgeni haviangalii. Homilia nzuri, yaani mahubiri ya Misa, wanaipenda, ndiyo, na kwaya pia. Ila mtazame bibi anayeketi benchi lile lile kila Jumapili. Asipoonekana mara mbili, kuna mtu anabisha hodi kwake. Mhudumu wa Ekaristi, yule anayepeleka komunyo nyumbani, anatandika kitambaa cheupe mezani, anawasha mshumaa, wanasali Baba Yetu pamoja, anampa komunyo, kisha anakaa kidogo kumsikiliza. Kwangu mimi, hapo ndipo parokia inapoonekana kuliko hata kwenye Misa iliyojaa watu.

Ndiyo maana paroko akihamishwa watu huhuzunika, lakini Jumapili inayofuata wako palepale. Na parokia ikivunjwa, hata jengo likibaki zima, wanalia kama waliofiwa.