Metali nzito kwenye maji ya chupa: maswali yenu na majibu

Mtoto wangu hanywi mengine ila maji ya chupa. Kweli nayo yanaweza kuwa na metali nzito?

Yanaweza, ingawa si kila chupa. Metali nzito ninazozungumzia hapa ni hasa aseniki, risasi (ile metali iitwayo lead kwa Kiingereza) na kadimi, zote ni sumu. Viwanda vingi huvuta maji ya kisima kirefu, na maji yaliyokaa muda mrefu chini ya ardhi huyeyusha kilichomo kwenye mwamba. Ndivyo aseniki inavyoingia. Mwaka 2019 maji ya Peñafiel, yanayotoka Mexico, yaliondolewa madukani Marekani kwa sababu aseniki yake ilizidi mikrogramu 10 kwa lita. Hapa Tanzania, miamba ya ukanda wa dhahabu wa Geita ina aseniki, na vipimo vimeikuta hadi kwenye maji ya kunywa ya huko. Risasi mara nyingi hutoka kwenye koki, viungio na lehemu za mabomba ya zamani.

Mikrogramu 10 ni nyingi?

Chukua gramu moja ya risasi, igawe kwenye maboza kumi ya maji, kila boza lita 10,000. Hapo umefika mikrogramu 10 kwa lita, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani limekiweka kwa risasi na kwa aseniki pia. Ulimi hauwezi kuionja, wala jicho haliioni.

Zinafanya nini mwilini?

Aseniki huenda taratibu: baada ya miaka ngozi hubadilika rangi, viganja na nyayo huota sugu, na hatari ya saratani ya ngozi, mapafu na kibofu hupanda. Kadimi hulimbikizana kwenye figo.

Risasi ndiyo inayoniuma zaidi, kwa sababu ya watoto. Mtoto mdogo akiimeza, mwili wake huweza kufyonza mara nne hadi tano zaidi ya mtu mzima, na ubongo wake bado unajengeka. Hapati homa wala upele. Anakuwa mzito wa kushika masomo, hatulii, na nyumbani anaitwa mtundu. Uharibifu huo wa ubongo haurudi nyuma. Mama mjamzito aliyewahi kuimeza sumu hii huko nyuma anayo mifupani, na wakati wa ujauzito hutoka ikamfikia mtoto tumboni. Waulizeni watu wa Owino Uhuru, Mombasa, walioishi ukuta kwa ukuta na kiwanda cha kuyeyusha betri za magari. Wao risasi iliwafikia zaidi kwa moshi, vumbi na maji machafu, na mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya.

Nikiyachemsha je?

Metali haiondoki. Chemsha lita tano mpaka zibaki nne, risasi ya lita tano yote imo kwenye hizo nne. Dawa ya klorini nayo haiiondoi. Lakini maji ya bomba endeleeni kuyachemsha, jamani. Kipindupindu kinaweza kuua ndani ya saa chache.

Muuzaji wa machujio alitumbukiza vyuma viwili vya umeme kwenye glasi ya maji yangu, yakawa kahawia. Ile ni metali nzito?

Hapana, ni kutu ya vile vyuma vyake mwenyewe. Maji yenye chumvichumvi hupitisha umeme, chuma kinalika, rangi inatoka. Maji yake aliyoyachuja hubaki meupe kwa kuwa yameondolewa chumvi. Kile kikalamu chenye namba ambacho wauzaji huchovya kwenye maji nacho husoma jumla ya chumvi zilizoyeyuka, kwa miligramu. Mikrogramu 10 za risasi hazitikisi hata namba moja. Metali hupimwa maabara.

Katoni zinazokaa juani nje ya duka?

Plastiki ya chupa hutengenezwa kwa msaada wa antimoni, metali nyingine yenye sumu, na joto huitoa kidogo kidogo. Watafiti wa Arizona walikuta kwamba kwenye nyuzi 60 inachukua siku 176 kufikia kikomo cha Marekani cha mikrogramu 6 kwa lita. Kwenye nyuzi 80, siku mbili na kitu. Kwa hiyo chupa iliyosahaulika garini mchana mmoja usiimwage kwa hofu. Katoni iliyoanikwa wiki nzima mimi siinunui.

Sasa nifanye nini?

Angalia nembo ya TBS, au ya KEBS ukiwa Kenya, na kizibo ambacho hakijafunguliwa. Kwenye duka la kujaza madumu ya lita 20, omba kuona cheti cha maabara, kisha kisome: vingi vinahusu vijidudu tu, wakati metali ni kipimo kingine kabisa. Tafuta mstari wa risasi na wa aseniki. Ukiwa na wasiwasi na maji ya nyumbani, chujio la utando linalosukuma maji kwa presha hupunguza metali nyingi, kitambaa hakisaidii. Na mtoto ale dagaa, maharage, mchicha na maziwa, kwa sababu mwili uliopungukiwa madini ya chuma na kalsiamu hufyonza risasi zaidi.