Alama za SAT zikishuka siku ya mtihani

Kijana kapata 1400 nyumbani kwenye jaribio la SAT, mtihani wa kuombea nafasi vyuo vikuu vya Marekani, siku yenyewe akaambulia 1340. Wazazi wanasema safari hii mtihani ulitungwa mgumu makusudi. Hapana. Ugumu wa kila toleo hufidiwa wakati wa kukokotoa alama, ndiyo maana alama za Machi na za Oktoba hulinganishwa.

Mwulize kwanza hiyo 1400 aliipataje. Mara nyingi ndiyo alama bora kati ya majaribio manne au matano, nayo ndiyo iliyobaki kichwani. Zile 1350 zimesahaulika. Halafu tazama mezani pake: saa ilisimamishwa akaenda kumimina chai, na maswali mengine alishayaona mwezi uliopita. Mtihani halisi, ambao siku hizi hufanywa kwenye kompyuta, huchukua saa 2 na dakika 14, mapumziko dakika 10 tu. Tena kila somo lina vipande viwili, na ulivyofanya cha kwanza ndivyo vinavyoamua ugumu wa cha pili. Aliyezoea vitabu vya zamani vya karatasi hajawahi kuonja hilo.

College Board, wenye mtihani, huandika kando ya alama yako kiwango cha chini na cha juu ambamo ungeweza kuangukia ukirudia. Kwa hiyo pengo la alama 60 halisemi kwamba mtoto amekuwa mjinga kwa usiku mmoja. Tafadhali msimwambie hivyo. Apige wastani wa majaribio yake yote, aliyoyafanya kwa muda kamili wa mtihani bila kusimamisha saa, ndipo alinganishe.