Si kila aliyerudi kutoka kufa ameona mwanga

Jamani hii imani kwamba mtu akikaribia kufa lazima aone handaki na mwanga mweupe mbele, na asiyeona basi ana dhambi zake, naomba tuiache maana inaumiza watu kweli. Shangazi yangu moyo ulisimama, wakamshtua akarudi, watu wakaja na chungwa na maswali, uliona nini, akawa anashika tu ncha ya kanga anasema sikuona kitu, nililala nikaamka. Akalia usiku akidhani Mungu kamkataa.

Sasa sikilizeni, daktari wa moyo wa Uholanzi, Pim van Lommel, na wenzake waliwahoji wagonjwa 344 ambao moyo ulisimama wakarudishwa, wakatoa matokeo 2001. Waliokumbuka chochote cha namna hiyo ni 62 tu, kama asilimia 18 hivi! Na hata kati ya hao, waliotaja handaki hawakufika nusu, kilichotajwa zaidi ni ile raha na utulivu wa moyoni. Wengine wote hawakukumbuka kitu, kama shangazi. Nilimsomea hizo namba taratibu, akaniambia rudia hapo kwenye 62.