Kifafa: ati mate, ati pombe, ati kisogo ni cha kutembea tu

Hapa Arua, Uganda, mtu akianguka kifafa sokoni watu wanakimbia, ati povu likikugusa na wewe unakipata. Si kweli jamani! Kifafa hakiambukizwi kwa mate wala kwa kumshika mtu, ni umeme wa ubongo unaofyatuka kwa pamoja bila mpangilio. Dada yangu ana kovu la moto mkononi mpaka leo, alianguka kwenye sigiri na watu wamesimama tu wanaangalia, hakuna aliyemvuta wala kumlaza ubavu.

Dhana nyingine hata waliosoma wanayo, kwamba serebela, ule ubongo mdogo wa kisogoni, kazi yake ni kutembea bila kuyumba basi. Kwa uzito ni kama asilimia 10 tu ya ubongo, lakini katika seli za neva karibu bilioni 86 tulizonazo, kama bilioni 69 ziko humo! Na inasaidiana na hipokampasi, ile sehemu ya ndani inayotunza kumbukumbu na kujua uko wapi. Mwaka 2011 watafiti wa Ufaransa walionyesha kwamba panya mwenye kasoro ya serebela akiwekwa gizani, seli za hipokampasi zinazomwambia yuko wapi zinachanganyikiwa.

Sasa kifafa kikianzia upande wa hipokampasi wengi wanadhani dawa ni kuhangaika na hapo hapo. Mwaka 1953 kule Marekani mgonjwa mmoja alitolewa sehemu kubwa ya hipokampasi pande zote mbili, degedege likapungua kweli lakini hakuweza tena kukumbuka mambo mapya ya maisha yake. Halafu 2014 watafiti wengine wakajaribu kwa panya, seli za serebela zikawekewa kitu cha kuhisi mwanga, kifafa kikianza tu wanamulika, na kikawa kinakatika mapema, na wakimulika katikati ya serebela hata muda wa kusubiri kingine unaongezeka. Hao ni panya lakini, kwa watu majaribio ya kuweka umeme kwenye serebela yalianza miaka ya 1970 na majibu yamekuwa yakipishana, kwa hiyo usimkande mtu kisogo ukatupa tembe zake.

Na hili la tembe ndo linaniuma zaidi. Dada alikuwa anapepesuka, majirani wakasema anakunywa waragi, kumbe fenitoini, ile dawa yake ya kifafa, ikizidi mwilini inasumbua hiyo hiyo serebela. Daktari alipopunguza dozi, baada ya siku kadhaa akaanza tena kubeba jerikani ya maji kichwani.