Mzizi ح-ن-ك: kutoka kaakaa la mtoto hadi lijamu ya farasi

Dhana: tahniki ni pongezi za uzazi.

Kosa hili limezaliwa na tahajia. Kiswahili huandika ح na ه kwa h ileile, basi tahniki ikadhaniwa ni ndugu wa tahnia, yaani pongezi, ambayo mzizi wake wa Kiarabu ni ه-ن-أ. Tahniki, yaani kumpaka mtoto mchanga tende kwenye kaakaa, ni ya ح-ن-ك. Hanak ni kaakaa, na pia sehemu iliyo chini ya kidevu. Kitenzi hannaka kikihusu mtoto maana yake ni kumsugua kaakaa.

Kwa hiyo wanaosema ni "kumlisha mtoto tende" nao wamekosea kidogo, na kosa lao lina hatari. Tende hutafunwa hadi ilainike kabisa, kisha kiasi cha kubaki kwenye ncha ya kidole hupakwa juu ya kaakaa. Kipande kizima humkaba mtoto. Mwenye vidonda vya mdomo asitafune, na asali isitumiwe kabla ya miezi 12, kwani inaweza kubeba vijidudu vinavyozalisha sumu tumboni mwa mtoto.

Dhana: la'ahtanikanna, katika Kurani, Sura ya 17 aya ya 62, Iblisi akiapa juu ya wanadamu, linatokana na kuhiliki, kwa sababu tafsiri husema "nitawaangamiza".

Sivyo. Kuhiliki ni ه-ل-ك. Livue neno hili nyongeza zake: ondoa la- ya kiapo, a- ya "mimi", na -anna ya mkazo. Inabaki htanik. Ile t ni alama ya umbo la nane kati ya maumbo ya vitenzi vya Kiarabu, nayo hukaa baada ya herufi ya kwanza ya mzizi. Anayeisahau hufungua kamusi kwenye ح-ت-ن na kuangukia mzizi mwingine kabisa.

Wafasiri wa kale wametaja picha mbili. Waarabu husema ihtanaka l-jaradu l-ardha, nzige wameguguna mimea yote ya ardhi. Hapo Iblisi anaapa kuwamaliza wanadamu. Husema pia hanaka d-dabba, amemfunga mnyama kamba kwenye taya la chini amwongoze; hapo anaapa kuwaburuta. "Nitawaangamiza" huifuta kabisa kamba hii, na hiyo ni hasara kubwa, maana aya ya 64 inamtaja Iblisi na wapanda farasi wake. Picha ya lijamu inakaa vizuri zaidi hapo.

Dhana: muhannak ni mtoto aliyefanyiwa tahniki tu.

Kisarufi anaweza kuitwa hivyo. Lakini katika Kiarabu cha magazeti, siyasi muhannak ni mwanasiasa aliyekomaa. Husemwa hannakathu t-tajarib, mambo yamemfunza, na ukomavu huo huitwa hunka.

Umbo la tano, tahannuk, halihusu chakula wala ujuzi: ni kupitisha ncha ya kilemba chini ya kidevu.