Uhalisia wa Tamthilia Hautoki kwenye Kinasa Sauti

Wengi huamini kwamba mwandishi wa tamthilia ya televisheni huifanya ionekane ya kweli kwa kunakili mazungumzo ya watu neno kwa neno. Sivyo. Mazungumzo halisi yakinakiliwa hivyo hujaa marudio na sentensi zisizokwisha, na mtazamaji huchoka mapema. Chukua The Wire, tamthilia iliyorushwa na kituo cha televisheni cha HBO kuanzia 2002 hadi 2008, kuhusu polisi, wauza dawa za kulevya na shule za Baltimore, Marekani. Muasisi wake, David Simon, alikuwa mwandishi wa gazeti la Baltimore Sun, na mwenzake Ed Burns alikuwa askari mpelelezi kabla ya kuwa mwalimu; kwa hiyo walijua jinsi kazi inavyofanyika hasa: nani humwogopa nani, kibali cha kunasa simu hupatikanaje, jalada hukwama meza ipi. Wahusika wao hawasimami kumfafanulia mtazamaji maneno yao ya kazini na ya mitaani, kwa kuwa mtu hamweleweshi mwenzake jambo wanalolijua wote wawili. Hapo ndipo, kwa maoni yangu, tamthilia nyingi huanguka: daktari humweleza daktari mwenzake shinikizo la damu ni nini, naye husikiliza kwa makini.