Faragha na siri ni maneno mawili

Juzi pale mwalo wa Kibirizi kijana mmoja alinipa simu yake niitazame. Alikuwa ametafuta bei ya taa ya sola ya kuvulia dagaa, na sasa kila ukurasa anaofungua, taa ileile inamngoja. "Kaka, si walisema matangazo yanalinda faragha? Mbona siri yangu iko nje?"

Maana ya matangazo hayo ni fupi. Kampuni haikufuati tovuti hadi tovuti kwa vidakuzi (cookies), yaani vijifaili ambavyo tovuti huacha kwenye simu yako. Kivinjari chenyewe, ile programu unayofungulia tovuti, kinakadiria ndani ya simu unapenda nini na kuwatajia wenye matangazo mada tu. Topics, mfumo wa namna hiyo wa Google ulioanza kuenea kwenye kivinjari chake cha Chrome mwaka 2023, ilichagua mada 5 kila wiki na kuzifuta baada ya wiki 3. Mara 5 katika kila 100 ilitaja mada ya kubahatisha, ili mwenye tangazo asiwe na uhakika kamili na mada aliyotajiwa.

Ninachogombana nacho ni hilo neno siri. Siri, kwa Kiarabu sirr, ni jambo lililofichwa: likijulikana, limekwisha. Faragha imetoka kwenye mzizi wenye maana ya kuwa tupu, kuwa na nafasi. Ndiyo maana tunasema "twende faragha", kama mahali pa kuendea. Tazama bafu la mabati uani. Maji ya sabuni yanachuruzika chini ya bati, ndoo inagonga, kanga imetundikwa juu. Ua mzima unajua kuna mtu anaoga. Hakuna siri hapo, lakini faragha ipo kamili, na atakayechungulia tutamlaumu sote.

Topics iliahidi bati la namna hiyo: wenye matangazo waambiwe "uvuvi", wasiambiwe ni nani. Mozilla na Apple, wenye vivinjari vya Firefox na Safari, hawakuridhika, kwa hofu kwamba mada zikikusanywa wiki baada ya wiki zinaweza kumtofautisha mtu na wenzake. Hofu hiyo naiona ya haki. Bati lenye matundu halisitiri. Oktoba 2025 Google ikatangaza kuiondoa Topics.

Basi, mdogo wangu, taa moja inayokufuata kila ukurasa haifanani na kazi ya Topics, maana yenyewe ingeishia kusema uvuvi. Hizo ni dalili za vidakuzi, na unaweza kuvifuta kwenye mipangilio. Na ukilalamika, usiseme wametoa siri yako. Bei ya taa hata mwaloni uliiulizia mbele ya watu. Sema wamekuchungulia.